Sweta Sita za Mjukuu wa Masasi

Mama yangu alipoteremka kwenye basi pale stendi ya Masasi, mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, alikuwa amevaa sweta. Juu ya sweta alijifunga kitenge, na juu ya kitenge alijitanda mtandio wa sufu. Safari ilimchukua siku mbili, kutoka Makete hadi Njombe, Njombe hadi Songea, Songea hadi Tunduru, kisha huku kwetu, na kote huko hakuvua hata kitu kimoja. Nilimwamkia, nikataka kumpokea walau ule mtandio. Akanikatalia.

"Hili jasho ni la safari tu," alisema. "Litakauka."

Halikukauka. Ningeweza kumwambia mapema, maana jasho la Masasi nilikuwa nalo mwaka wa tatu, ila nilikuwa na mimba ya miezi tisa na furaha ya kumwona ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Nikamwacha na sweta lake.

Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilianza vibaya kuliko yeye. Nilipopangiwa kufundisha Masasi nilikuja na mablanketi mawili mazito, na nilikuja na mwendo wa kwetu. Huo mwendo ndio uliowashangaza watu. Makete ukitembea polepole asubuhi ya mwezi wa saba unaganda, umande unageuka barafu juu ya majani, kwa hiyo sote tunatembea kama watu waliochelewa msiba. Na huku nikawa nauchapa mwendo uleule, saa saba mchana, kwenda sokoni, jua liko utosini na ile milima ya mawe inarudisha joto lote barabarani. Waliokaa vibarazani wakawa wananiuliza, "Mwalimu, kwema huko?" Nilikuwa nafika sokoni blauzi imelowa, natweta, nilichofuata nimeshakisahau. Wiki ya tatu nilijipeleka zahanati, nikadai nina malaria. Nesi akanipima, akaniuliza natokea mkoa gani, na nilipomtajia alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Hiyo siyo malaria, mwalimu. Hilo ni joto. Kanywe maji."

Nilinuna siku mbili nzima.

Aliyenifundisha kuishi hapa ni mama mwenye nyumba wangu, mjane wa Kimakonde anayelima korosho na muhogo huko Chiungutwa. Alizaliwa juu, Kitangari, upande wa Newala, ambako upepo ni wa bure ila maji unayafuata mbali. Akaolewa huku chini kwenye fukuto. "Hata mimi mwaka wa kwanza nililia," aliniambia, "na mimi nimetoka hapo tu." Alinifundisha kumaliza kazi za nguvu kabla ya saa nne asubuhi. Alinifundisha kulala mchana kwenye mkeka uani, kwenye kivuli cha paa la jiko lake, bila kuona haya. Alinifundisha hata kusalimia, maana mimi nilikuwa natupa shikamoo huku napita. Hapa unasimama, unatafuta kivuli, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na ukimaliza mapigo ya moyo yametulia na jasho limepungua. Blanketi moja nilimpa, akalikata vipande vya kushikia masufuria. Nilimpenda yule mama, na nampenda hadi leo.

Basi mama yangu akafungua begi. Ndani mlikuwa na viazi, njegere kavu, na sweta sita za mtoto. Alianza kuzifuma siku nilipompigia simu kumwambia nina ujauzito, na zilikuwa nzuri, wallahi, zenye vifungo vidogo vyeupe na mistari ya kijani kifuani. Kila moja ilikuja na kofia yake na soksi zake. Alizitandaza kitandani akazitazama, halafu akanitazama mimi, anasubiri. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kisamvu. Alizitazama sweta, akanitazama mimi pia.

"Mikono yako ni ya fundi, dada," alimwambia mama.

Mwanangu alizaliwa wiki iliyofuata, wa kiume, salama, na tuliporudi nyumbani chumba kikawa cha mama. Dirisha lilifungwa, kwa sababu upepo unaleta kichomi. Mtoto alipakwa mafuta mazito, akavikwa fulana, sweta, kofia na soksi, kisha akazungushiwa blanketi, lile la pili ambalo laiti ningeligawa pia. Kila baada ya muda mama aliingiza mkono kwenye blanketi na kugusa miguu. Kwetu ndiyo tunavyofanya, tunagusa miguu. Miguu ya kichanga huwa ya ubaridi hata ukimweka kando ya jiko, lakini hilo sikulijua wakati ule, wala yeye hakulijua.

"Baridi," angesema, na kuongeza nguo.

Mume wangu anafundisha Newala na huteremka kila Ijumaa. Nilimwomba aseme neno. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema, "Yule ni mama yako," na Jumapili akarudi zake kwenye upepo. Nilimkasirikia sana. Lakini na mimi nilikuwa mwoga vilevile. Mwanamke mzima, nasimama mbele ya wanafunzi sabini na sauti haitetemeki, nikashindwa kumwambia mama yangu kwamba mtoto anachemka. Nikageuka mwizi ndani ya nyumba yangu. Mama akienda chooni nyuma ya nyumba, namvua mtoto sweta haraka haraka, nampepea na daftari la maandalio ya masomo. Nikisikia ndala zake zinarudi, namvika tena. Siku moja nilimvika kinyume, vifungo mgongoni. Mama alivitazama vile vifungo kwa muda, akamgeuza mtoto, akamvika upya.

Vipele vya joto vilianza shingoni, vikashuka kifuani, vidogo vyekundu. Mama alisema ni damu changa. Mama mwenye nyumba aliviona siku alipoleta uji, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, huyo ntoto utamvua kwa wizi mpaka lini? Sema na mama yako."

"Mwambie wewe, mama. Wewe atakusikiliza."

"Mimi nimvunjie heshima mgeni wangu? Na wewe mwanawe upo?" Aliniacha na uji wangu.

Mtoto alipofikisha siku kumi na mbili, umeme ulikatika tangu asubuhi, na feni ikasimama. Mvua ilikuwa inajikusanya bila kunyesha, ile hali ambayo hata kuku hawatembei. Saa nane hivi nilimpa mtoto ziwa, akalikataa. Nikajaribu tena. Mdomo ulikuwa wazi, kichwa kimelegea mkononi, na hakulia. Siku zote alikuwa analia, na kilio nilikizoea. Ule ukimya ndio ulioniogopesha. Mama akaingiza mkono, akagusa miguu.

"Miguu ya baridi," alisema, na akanyoosha mkono kuchukua soksi nyingine.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilimwita mama mwenye nyumba kwa kelele, na akaja mbio, yeye ambaye mbio haziwezi, mikono imejaa unga wa muhogo. Hakugusa miguu. Aliingiza vidole chini ya kofia, kisogoni.

"Ntoto anaiva huyu!"

Akang'oa kofia. Akafungua blanketi, akaanza kuvuta sweta, na mama yangu akamrukia.

"Mwache! Utaniulia mtoto!"

Wakavutana, sweta limefika nusu ya kichwa, mwanangu yumo ndani. Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilimshika mama yangu mikono yote miwili, kwa nguvu, na sikuiachia. Nilisema, "Mama, basi."

Aliacha kuvuta. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na alipozungumza hakuwa ananitazama.

"Wa kwanza nilimvua mimi mwenyewe," alisema. "Mwezi wa saba. Maji yalikuwa ya moto, mlango nimefunga. Nilimvua muda wa kuoga tu. Usiku ule kifua kikabana. Siku ya tatu tulimzika."

"Wa kwanza nani?"

"Dada yako."

Maisha yangu yote nimekuwa kifungua mimba. Wadogo zangu nimewaamrisha kwa cheo hicho, na kwenye harusi na misiba nimekaa mbele kwa cheo hicho. Nilisimama pale na mikono ya mama ndani ya mikono yangu.

Mama mwenye nyumba hakuacha kazi. Alishamvua mtoto akabaki uchi, na alikuwa anampitishia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kifuani na makwapani. "Pole, dada," alisema. "Pole sana." Kisha akaja na mtoto begani, akaketi karibu na mama, akamwambia alete mkono. Mama hakuutoa. Akauchukua mwenyewe, taratibu, akauweka kwenye kisogo cha mtoto.

"Kwenu mnauliza miguu, na kwa baridi ya kwenu sikukatalii," alisema. "Huku tunauliza hapa. Unasikiaje?"

Mama alikandamiza vidole. "Moto," alisema. "Na maji."

Tulimpeleka zahanati palepale, mimi na mama kwenye bajaji, mtoto amefunikwa kanga moja nyepesi. Mama alimshika njia nzima na kiganja kimeziba kifua chake, kuzuia upepo. Walimpima, wakamsikiliza kifua, wakakaa naye mpaka jioni. Kifua kilikuwa safi. Alipolishika ziwa tena na kunyonya kwa pupa, nililia mbele ya watu wote. Wakatuambia arudishwe kesho waangalie tena, anyonye kila mara, na hizo nguo nzito zisimkaribie. Mama aliitikia, "Ndiyo, mwanangu," kwa mganga kijana wa zahanati, kwa sauti ndogo ambayo siyo yake.

Kesho yake tulirudi kama tulivyoambiwa, tukaambiwa yu salama. Lakini mimi hofu haikuniisha. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda shamba, kwa hiyo tulibaki wawili na mtoto, na ulikuwa wakati wa kumwogesha. Nilijipa kazi ya kupepeta mchele uani, mkabala na mlango, ili nione bila kuonekana naona. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba akimvika tena nitasema, hata kama ataondoka kwa basi la kesho na asinisamehe.

Alimwogesha. Alimkausha. Alikaa naye mapajani kwa muda mrefu, mtoto yuko uchi, miguu inarusha mateke, na niliona mikono ya mama inatafuta kitu cha kushika. Mara ikaenda kwenye begi, mara ikarudi. Kisha akatoka naye, akamlaza mkekani juu ya kanga, kivulini, bila kitu mwilini isipokuwa nepi. Akaketi kando yake na vidole kisogoni. Akivitoa, anavirudisha.

Niliacha mchele, nikaenda kukaa nao.

"Mama," nilisema, "hukumuua wewe. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Kuoga hakuui."

"Najua," alisema. "Waliniambia hospitali. Baba yako aliniambia. Ni mikono hii ndiyo haisikii."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Akasema, mambo kama hayo angemwambiaje mtoto. Nikamuuliza huyo dada yangu aliitwa nani, akawa kwanza anamfukuzia mtoto nzi, anamweka sawa mkono.

"Kama wewe," alisema. "Nilikupa lake."

Niliuchukua mchele wangu. Niliingia jikoni, nikainjika wali, nikasimama nikitazama maji yanavyochemka. Nilikuwa najisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, na nilitaka kurudi kumkumbatia, lakini kwetu hatukumbatiani ovyo.

Nilipotoka tena, mama alikuwa amelala. Tangu afike Masasi sikuwahi kumkuta amefumba macho mchana, alikuwa analinda. Sasa alikuwa amejinyoosha mkekani chali, mdomo wazi, anakoroma kidogo, na mkono wake ulikuwa umetoka kisogoni mwa mtoto, umelala peke yake kwenye kanga. Mtoto naye alikuwa amelala, tumbo linapanda na kushuka. Nilichukua kipepeo cha ukili, nikakaa katikati yao, nikawapepea, huyu mara moja, huyu mara moja, mpaka mkono wa kulia ukachoka, nikahamishia kushoto.