Dumu Lililobaki Kibarazani

Mimi ndiye niliyeharibu msiba wa mke wa kaka yangu kule Bwera. Nakamua mbegu za mbono Kitswamba. Mafuta yake yanaendesha mashine za kusaga, lakini ukiyala utatapika mpaka nyongo. Asubuhi ya mazishi ya wifi yangu, kibarazani kwangu palikuwa na madumu mawili ya njano: la mbono na la mafuta ya kupikia. Mteja wangu mwenye mashine ya kusaga akalipia mbono kwa simu. Nikamwambia ajichukulie dumu la karibu na mlango, hata sikutoka nje. Nikabeba lililobaki hadi msibani, nikijiona mkarimu.

Tumeshakula, wengine wameshika matumbo, mwenye mashine akanipigia. Simu yangu inapiga kelele kama redio, kila mtu akamsikia.

“Mama, hii mafuta iko namna gani? Mashine inanuka chapati!”

Kaka yangu akaweka sahani chini.

“Dada, umetulisha nini?”