Mbwa wa Mama Hakujua Kiingereza

Wiki iliyopita shule ya binti yangu ilituma ujumbe kuomba wazazi wajitolee kusoma na watoto wa madarasa ya chini. Mimi unanijua: nikitoka nje ya geti letu hapa Midrand, kaskazini mwa Johannesburg, bila sababu ya mkate au maziwa, majirani wanadhani kuna msiba. Nilikuwa nimeshaandaa udhuru wa mgongo. Kisha nikaona mstari wa mwisho, kwamba mama mmoja atakuja na mbwa wake ili watoto wamsomee. Mgongo ukapona, nikaenda.

Mbwa mwenyewe alikuwa msafi kuliko mimi, kavaa kifulana chenye jina lake. Nilipoinama kumpapasa, maneno yakanitoka yenyewe: "Kaa, baba, tulia." Akanitazama kama mlinzi wa geti anavyomtazama mgeni ambaye jina lake halimo kwenye orodha. Hapo nikamkumbuka Andazi.

Andazi alikuwa mbwa wetu wa utotoni kule Berea, mtaa wa maghorofa katikati ya Johannesburg, rangi ya andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Tulikaa chini kabisa ya jengo, penye ua mdogo kwa nyuma. Baba ni mtu wa hapahapa. Alikimbilia Tanzania enzi za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, akamwoa mama Morogoro, na mambo yalipobadilika akarudi na mke na mtoto wa miaka sita, ndiye mimi. Aliendesha malori, wiki nzima yuko barabarani. Mama alibaki na mimi na mbwa. Kila Ijumaa alikaanga maandazi ya iliki, jirani wa mlango wa pili akakaanga magwinya yake, maandazi ya huku yasiyo na iliki, na harufu hizo mbili ziligombana kwenye korido mpaka jioni.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mama alinisemesha Kiswahili, mimi nikamjibu Kiingereza. Akiniita kula, namjibu kwa Kiingereza kwamba sina njaa, kisha namaliza sahani mbili. Shuleni nilitembea na jina la ukoo la baba na Kizulu kilichonyooka, na hakuna aliyejua kwamba nina mama wa kutoka mbali. Nilihakikisha hawajui. Darasani kwetu kulikuwa na mvulana wa Kikongo aliyeitwa kwerekwere kila siku ya Mungu, jina la kuwakejeli wageni, mpaka akawa anakula mkate wake chooni. Wengine walipocheka, nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti, ili nisikike.

Basi mama akawa anazungumza na Andazi. "Umeona bei ya nyanya, mwenzangu? Kaa hapo. Sogea. Usiniletee umbea wa mtaani." Andazi alikaa, alisogea, na umbea hakuleta. Katika nyumba ile ndiye peke yake aliyemsikiliza kwa Kiswahili mpaka mwisho.

Mimi, kwa kukosa marafiki, nilimsomea vitabu vyangu vya shule kule uani, naye akalala fofofo. Mwalimu wa darasa la pili, aliyeishi ghorofa ya tatu, alituona kutoka dirishani. Akashuka, akaomba mbwa aje shuleni kila Ijumaa baada ya kengele, akae na watoto wanaokwama kusoma, maana mtoto haoni haya mbele ya mbwa. Na mimi nije pia, kushika kamba. "Nenda, mwanangu, upigwe na jua," mama akasema. "Utaota ukungu humo ndani."

Ijumaa ya kwanza kulikuwa na watoto kama kumi kwenye zulia. Msaidizi mwingine alikuwa msichana wa darasa letu la saba, yule mwenye domo, bingwa wa kumtesa yule Mkongo. Mwalimu akamwambia Andazi akae, kwa Kiingereza. Andazi akasimama tu. Mwenye domo akamwambia kwa Kizulu. Akasimama. Nikamwambia mimi, kwa Kiingereza cha redioni. Akanitazama kwa huruma.

"Eish, mbwa wako kiziwi!"

"Ni mzee," nikajibu. Alikuwa na miaka mitatu.

Kwa kukosa kazi, Andazi akaingiza kichwa kwenye mkoba wa mwalimu, akatoka na mkate wa poloni, ile soseji nene ya huku. Watoto wakapiga kelele, akashtuka, kamba ikanichomoka mkononi. Akatoka mbio na mkate mdomoni, akakata uwanja kuelekea geti, na geti lilikuwa wazi. Nje teksi zilipiga honi zikigombania abiria. Wote tulitoka nyuma yake, tukimwita kwa lugha zote za Johannesburg isipokuwa moja.

Nilisimama. Sikudanganyi, nilisimama nikipima: mbwa wa mama, au siri yangu. Nilipima kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Miguu yake ya mbele ilikuwa imeshakanyaga lami.

"Andazi! We! Rudi hapa! Kaa chini!"

Sauti ile ilikuwa ya mama, na kiuno nilikuwa nimeshika kama yeye. Andazi akageuka, akarudi mpaka miguuni pangu, akakaa. Nyuma yangu nikasikia mtu mwingine amekaa. Alikuwa msichana mdogo wa Kikongo, aliyefika muhula ule, ambaye mwalimu alikwisha kuamua kumrudisha darasa la kwanza kwa kuwa hasemi wala haelewi. Ameketi vumbini, miguu kakunja, ananitazama kwa adabu. Ilikuwa amri ya kwanza aliyoielewa tangu aje shuleni.

"Yaya," aliniuliza, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao, "na miye nirudi?"

Mwenye domo akashika mdomo. "Hau! Kumbe na wewe ni kwerekwere!"

"Na mbwa pia," nikamjibu.

Jina lile nililibeba mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Yule mvulana wa darasani alinisogezea nafasi kwenye benchi la nyuma ya vyoo, alikohamia kulia mkate, ila hakufanya haraka, na alikuwa na haki. Na kila Ijumaa yule mdogo alimsomea Andazi ukurasa kwa Kiingereza, kidole juu ya kila neno, halafu akamwinamia kumweleza, maana alishaona kwamba Kiingereza hakijui: "Kuku iko natafuta yai yake. Unasikia?" Mwalimu akaniuliza mtoto anasema nini. Nilipomtafsiria, akamfungulia ukurasa wa pili. Mtoto hakurudishwa darasa.

Ijumaa ile ya kwanza nilipofika nyumbani, mama alikuwa anageuza maandazi. Akauliza ilikuwaje.

"Andazi amekula mkate wa mwalimu, mama. Akataka kutoroka. Nikamwita, akarudi."

Kwa Kiswahili, chote. Mama akabaki na kijiko hewani, na karai zima likaungua mpaka likawa rangi ya mbwa. Tuliyala yote.

Ule ua sasa ni maegesho ya magari. Andazi alikufa nikiwa sekondari, mama miaka minne iliyopita. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, na nikimwita kula ananijibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa. Simlaumu, njia hiyo niliichonga mwenyewe.

Juzi nimemwambia mume wangu nataka mbwa.

"Wa kulinda?" akauliza.

"Hapana. Wa kuzungumza naye."