Marehemu Yuko Darasani

Jumatatu niliketi kwenye bureau, yaani ofisi, ya shirika moja la afya, hapa mjini Baraka, kando ya fundi anayesimamia video za mafunzo ya wauguzi mtandaoni. Akamwita mkubwa wake.

"Mama, iko muntu anaangalia somo la kuosha mikono. Jina ni ya ule mukunga tulizika."

"Nilikataza bafunge jina yake ku mtandao mbele ya siku arobaini ya kilio kuisha," mama akasema. "Pengine mutoto yake ameshika simu yake ya kazi."

Fundi akavuta droo taratibu. Simu ya kazi ya marehemu ilikuwa humo, imezimika.

Tukatazama kompyuta mpaka somo likaisha. Mtandao ukauliza, kama kawaida: umeelewa? Jibu likaja: bado. Video ikaanza upya.

Sisi tulio hai hujibu "ndiyo" bila hata kuitazama.