Mitiki ya Baba Mdogo

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila nikifika kwenye ukoo wa mimea uitwao verbena nafundisha kwa hasira. Wanafunzi wangu wanadhani nimeamka vibaya. Nawavunjia kitawi cha kile kichaka cha maua ya njano na waridi kinachoota kila palipobomoka ukuta hapa Bagamoyo, wakinuse, wapapase shina lake lenye pembe nne. Kisha nawaambia kwamba vitabu vya zamani viliweka humo humo mfudu wa msituni na mtiki wa mbao, wote ndugu. Siku hizi wataalamu wamewahamisha wale wawili, wakawatia kwenye ukoo wa mrehani. Habari za ndugu wanaohama nazijua.

Mama alirithi shamba kwa baba yake, kule Fukayosi. Upande wa bondeni palikuwa na msitu ambao hakuna aliyewahi kuulima, na ndani yake mifudu mikubwa, majani yamejipanga kama vidole vya mkono. Fudu zikiiva zinakuwa nyeusi, tamu, na ukizila meno yanakuwa meusi nawe huwezi kukataa kwamba umekula. Hondohondo na tumbili walituwahi kila asubuhi. Walikula, wakaangusha kokwa mbali na mti mama, na msitu ukajipanda wenyewe namna hiyo tangu kabla ya babu. Sisi watoto tuliokuja kutoka nyumbani Dunda, mjini, tuliona ule msitu ni wetu kama chumba cha nyumba.

Mtu tuliyemwita baba mdogo hakuzaliwa tumbo moja na baba. Alikuja kutafuta kibarua, baba akampenda, akamfanya mdogo wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe, tukampa na pa kulimia. Alijenga kibanda shambani kwa mama, akalima mahindi na mihogo, akatulindia shamba. Baba alipofariki yeye alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilimpenda. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani tulikuwa wajinga tu.

Kwetu pwani ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ukimwazima mtu shamba unamwambia, lima mahindi, lima kunde, lakini usinipandie mti. Mahindi huvunwa yakaisha, mti unabaki, na aliyeupanda anabaki nao. Mtu akishakuwa na minazi yake kwenye ardhi yako, kumwondoa ni shughuli. Mama aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma.

Ndiyo maana baba mdogo alikuja kuomba kwa adabu.

"Shemeji, moto wa wawindaji kila kiangazi unakaribia msitu. Nataka niweke mitiki pembeni, iwe kama ua. Mtiki hauogopi moto."

Mama alicheka. "Mtiki? Hauna nazi, hauna embe, hauna korosho. Utakula majani?" Kisha akamwambia apande.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa la watu wa kwetu hasa. Kwa mama, mti wa kudaiana ni mti unaolisha. Mtiki aliuhesabu pamoja na miiba ya boma.

Baadaye magoti yalimzidi mama, akakaa miaka mingi haendi shamba. Mimi nilikuwa nafundisha mbali. Kila tulipouliza tuliletewa mihogo na salamu, na mihogo ilikuwa mizuri. Siku niliyokwenda mwenyewe nilishuka kwenye bodaboda nikadhani nimepotea. Mitiki haikuwa pembeni tena. Ilikuwa imesimama safu kwa safu mpaka bondeni, na chini yake hapakuwa na kitu, ni majani makavu tu yanayopasuka ukikanyaga. Mifudu imekatwa karibu yote. Nilifikicha jani changa la mtiki, vidole vikawa vyekundu, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Jirani alinieleza kwa upole kwamba shamba limeshapata mnunuzi kutoka Dar es Salaam, na kwamba muuzaji ni baba mdogo.

Tuliitwa mbele ya wazee wa kijiji. Mama alivaa baibui yake mpya, kama anakwenda harusini.

"Mitiki kaipanda nani?" mzee mmoja aliuliza.

"Mimi," alisema baba mdogo.

"Na ile mifudu?"

"Mifudu haikupandwa na mtu," mama alijibu. "Kaiotesha Mungu."

Wazee walitazamana. Msitu mzima uliomkuza mama ukawa hauna la kumtolea ushahidi, kwa kuwa hakuna mkono uliouchimbia shimo.

"Bibi, ulimruhusu apande?"

Nilimnong'oneza, "Kataa, mama." Nikambana mkono. Neno moja tu lilitosha, na hapakuwa na shahidi wa tatu.

"Nilimruhusu," alisema. "Aliniambia ni ya kuzuia moto."

Mzee akamgeukia baba mdogo. "Ulimwambia hivyo?"

Baba mdogo aliitazama kofia yake aliyoishika mapajani. "Sikumbuki, wazee wangu."

Angekana ningemwita mwongo, nikapumua. Lakini aliyesahau huwezi kumshika popote. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuangalii kwa huruma akikupiga. Wazee waliamua kwamba, kwa kuwa alipanda kwa ruhusa, palipo na mitiki pawe pake, mama abakiwe na ukanda wa bondeni wenye visiki. Walikuwa na aibu, niliona, lakini waliamua.

Tulipoinuka, baba mdogo alikuja mbele ya mama. Aliinama vizuri, kama alivyozoea tangu siku aliyoletwa nyumbani.

"Shikamoo, shemeji."

Mama yangu huitikia watoto wa watu asiowajua. Huitikia walevi. Alimtazama tu.

"Shikamoo, shemeji," alirudia, na safari hii aliinama zaidi.

Mama aliweka ushungi wake sawa, akanishika bega apate kutembea, tukatoka nje bila yeye kusema marahaba.