Saa Nane Asubuhi

Shangazi yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi, na jamani, adui yake mkubwa ni saa ya kompyuta. Jana asubuhi, saa mbili kamili, ikamwandikia 8:00.

"Watu ndo kwanza wanapiga mswaki, hii inasema saa nane! Imelewa?"

Akaibadilisha iwe 2:00. Ile programu inayorekebisha saa kwa mtandao ikairudisha. Akabadilisha tena, ikarudisha tena. Akaizima programu yenyewe, akairudisha saa iwe 2:00, akacheka kama kashinda kesi.

Mara akaingia fundi cherehani, anataka maombi ya chuo ya bintiye yatumwe, na mwisho ni jana hiyohiyo mchana. Shangazi akafungua mfumo wa chuo, ukamgomea: "Saa ya kompyuta yako si sahihi."

"Si sahihi? Kwani we ndo umeniamsha?" Akajaribu tena, wapi!

"Dada," fundi akasema, "mwanangu akose chuo kwa ajili ya saa?"

Shangazi akafyonza, akaiwasha programu. Saa ikaruka mpaka 8:20, maombi yakapita.

Fundi alipotoka tu, Shangazi akabandika karatasi kwenye kona ya skrini, juu ya ile saa.

"Haya, bwabwaja humo humo!"