Orodha Inayoanzia kwa wa Pili

Siku ya proklamasyo mama yangu alioga mara mbili. Asubuhi alioga kwa ajili ya Mungu, saa tatu akaoga kwa ajili ya masomo. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, tulikaa Uvira, mtaa wa Mulongwe karibu na mto, na harufu ya ndagala haitoki kwa maji ya mara moja. Akimaliza alivaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani, akachukua kopo lake la poda, akalibana kwapani, tukaenda.

Wajukuu wa siku hizi wanaijua proklamasyo, lakini ya kwetu ilikuwa na adabu zake. Ni siku ya kufunga mwaka wa masomo. Wazazi wanajaa uwanjani, direkta wa shule anasimama na karatasi. Kwanza waliitwa walimu. Mwalimu aliyefundisha vizuri alisimama mbele ya watu, akapigiwa makofi, wazazi wakampa kuku, ama mkungu wa ndizi, ama kitambaa cha suruali. Halafu wanafunzi, klasi kwa klasi, toka wa kwanza mpaka wa mwisho kati ya waliopita. Waliokosa hawakutajwa. Mtoto alijua amekosa pale karatasi ilipogeuzwa.

Watatu wa kwanza wa kila klasi ndio walimwagiwa poda. Mama wa mtoto alikimbia katikati ya uwanja akipiga vigelegele, akatandika kikwembe chini mtoto akanyage, akamwaga poda kichwani mpaka mtoto akohoe, afanane na mtu aliyeanguka ndani ya unga wa mihogo. Mtoto huyo hakunawa siku nzima. Alipita barabara zote na poda yake, watu wakimuuliza, "Weye, wa ngapi?"

Na kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Msomaji hakusoma jina la mtu wa nyumbani kwake. Direkta mmoja alikuwa na mtoto klasi ya tatu. Akifika pale alinyamaza, akampa mwalimu mwingine karatasi, yeye akageuka kuangalia ziwa mpaka jina lipite. Kujisoma mwenyewe ndiyo kabisa, hakuna aliyeweza kufikiri jambo hilo. Sisi watoto tukicheza proklamasyo nyuma ya nyumba, karatasi yetu jani la ndizi, msomaji akifika kwenye jina lake alimpa mwenzake lile jani.

Mwaka wa uhuru nilikuwa klasi ya kwanza. Padre wa kizungu ndiye aliyesoma, haraka haraka kama mtu aliyeona mvua inakuja. Nilikuwa wa tisa. Mwaka uliofuata direkta alikuwa mtu wetu, amevaa koti kwenye joto lote lile, na wamama walilia kusikia majina ya watoto wao yakitoka vizuri mdomoni, bila kuvunjwa. Nilikuwa wa nane. Kila mwaka mama alirudi na kopo lake bila kulifungua.

"Poda haiozi," alisema. Aliliweka juu ya kabati, akavua kikwembe, akarudi kwenye ndagala zake.

Klasi ya tano tulipata mwalimu kijana kutoka Sange, mtoto wa mlima mpunga. Alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi. Siku moja rejista ya klasi ilifungiwa ofisini, direkta amesafiri na ufunguo. Mwalimu akauliza nani anaweza kuita majina. Nikasimama, nikayaita yote kwa utaratibu wa rejista, na majina ya baba zao, bila kuruka hata moja. Alicheka mpaka akakaa.

"Kumbe tuko na rejista ya miguu miwili!"

Tangu siku ile alinitazama kwa jicho lingine. Alinikalisha mbele. Nikaanza kusoma kwa moto, mpaka nyumbani nilikuwa nafanya hesabu kwa mkaa kwenye jiwe la kuanikia. Mvua za Pasaka zilipokuja aliinama juu ya kaye yangu, daftari la hesabu, akasema polepole, "Mwaka huu mama yako akuje na kopo lake. Na alifungue mapema, kifuniko kisikwame."

Sikumwambia mama. Nilitaka akimbie mwenyewe.

Basi waasi wakaingia mjini, na majani kichwani. Hawakutafuta wezi. Walitafuta makarani na walimu, mtu yeyote aliyekuwa na kalamu mfukoni. Kwa siku mbili tatu kalamu nyingi ziliingia chooni kule Uvira. Masomo yakafungwa kabla ya siku ya kufungwa.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, nakaanga ndagala. Mama alikuwa ziwani. Nikaona mwanaume anapita kwenye mihogo, kaptula imechanika, kikapu begani, kama wavuvi. Sikumjua mpaka alipoongea.

"Mama iko?"

"Iko ku ziwa, mwalimu."

"Muzuri. Kaa. Weye uko na kichwa, minye niko na karatasi." Akatoa karatasi iliyokunjwa kiunoni. "Ni orodha ya klasi yetu. Nimejumlisha pointi za mwaka. Lakini pembeni iko majina ya baba zao na kazi zao. Wakiikuta, watapita nyumba kwa nyumba kutafuta bale bababa. Sikia muzuri."

Aliyasoma mara mbili. Mimi nikayarudisha mara tatu. Majina ishirini na sita. La kwanza lilikuwa langu. Alilisoma kwa sauti ileile kama mengine, hakuniangalia.

"Mwalimu, ule wa kwanza ni mimi?"

"Unafikiri nimekosa hesabu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliingiza karatasi chini ya sufuria, tukaiangalia wote wawili mpaka ikawa nyeusi.

"Usiyaseme kwa muntu yeyote, hata mama, mpaka masomo yafunguliwe. Nitarudi tufanye proklamasyo yetu. Nisiporudi, utasoma weye."

Akaenda upande wa ziwa, kutafuta mtumbwi wa kuvuka kwenda Burundi. Ndagala zote zilikuwa zimeungua. Mama aliporudi alinifokea mpaka majirani wakachungulia. "Weye! Hayo macho yako iliangalia nini?" Nikainamisha kichwa. Sijawahi kufokewa nikiwa na furaha kama siku ile.

Vita ilipokaribia tulikimbilia milimani, juu, upande wa Mulenge. Kabla ya kuondoka mama alichimba shimo nyuma ya mafiga, akazika sahani na lile kopo. Kule juu wafugaji walitupa kona ya nyumba na maziwa, watu wema, lakini baridi ya kule si ya watu wa ziwani. Mama alianza kukohoa. Nilikaa naye kwenye ngozi ya ng'ombe nikisema majina kimoyomoyo ili nisiyapoteze, naye akifikiri nasali. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Nikafikiri, hapana. Nitamwambia tukifika nyumbani, kopo likiwa mkononi, ili apige vigelegele vyake vizuri.

Tulimzika kwenye mteremko, wachungaji wakitusaidia kuchimba. Nilishuka na mama mdogo, ndugu yake mama tuliyekimbia naye.

Masomo yalipofunguliwa tena madawati yalikuwa yamekwisha, askari waliyafanya kuni. Direkta mpya alikuwa mgeni, hakumjua mtu. Aliita wazazi na watoto uwanjani, akasema karatasi zote zimepotea, hajui nani alipita na nani alikosa, kwa hiyo wote watarudia mwaka. Wazazi wakanung'unika. Mwalimu wetu hakuwepo. Hakuna aliyemwona tangu aliposhuka ziwani, wala aliyejua kama alivuka.

Nikainua mkono.

"Minye niko nayo, ile ya klasi ya tano. Mu kichwa."

Wengine walicheka, lakini wenzangu wakasema, "Ni kweli, ule ni rejista." Direkta akaniita mbele, akachukua kalamu.

Nilianza na mwalimu, kama ilivyokuwa adabu. Nilitaja jina lake na kijiji cha baba yake. Watu walipiga makofi muda mrefu, na hakukuwa na wa kusimama. Mzee mmoja alikuwa amekuja na kuku. Alibaki naye mkononi.

Halafu nikafika kwa wa kwanza. Mdomo ukafunga. Sikuwa nimefikiri jambo hilo kule milimani, miezi yote ile. Niligeuka kutafuta wa kumpa karatasi anisomee, na karatasi haikuwepo. Kama ningemwambia mtu sikioni, ingekuwa ni kujisoma tu kwa mlango wa nyuma. Nilimtafuta mama kati ya wamama, kwa mazoea. Nikamwona mama mdogo, anapangusa jasho.

"Wa pili," nikasema, nikataja jina. Wa tatu. Wa nne. Mpaka wa ishirini na sita.

Direkta aliandika yote, kisha akarudi juu kwa kalamu yake. "Ngoja. Na wa kwanza?"

Wa pili alikuwa mtoto wa karani, tangu klasi ya kwanza hakuna aliyewahi kumpita. Alikuwa amekasirika, ilionekana. Akasema kwa nguvu, "Ndiyo, atuambie! Nani alinipita minye? Ama ni weye, mama ndagala?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata mama mdogo alicheka, masikini, hakujua. Mimi nikaangalia ziwa, kama yule direkta wa zamani. Nilikuwa nawaomba moyoni: mmoja tu aseme, ndiyo, ni yeye, mtazameni. Ingetosha.

Direkta alingoja. Aliponiona sijibu, na machozi yamenijaa, alielewa kwa namna yake. Alivua kofia.

"Basi mwenzenu huyo hatuko naye tena. Vita imechukua wengi. Tusimame kidogo kwa ajili yake."

Watu wakasimama, kimya. Wamama wengine wakapangusa macho. Nami nikasimama nao, kichwa chini, kwa ajili yangu.

Walioitwa wakaingia klasi ya sita. Mimi sikuitwa, kwa hiyo nikawekwa tena klasi ya tano, kwenye ubao wa kukalia pamoja na wadogo, magoti yananifika kidevuni. Nilijua kila kitu kilichoandikwa ubaoni kabla hakijaandikwa. Mama mdogo alivumilia mpaka Noeli. Akasema, "Mara mbili mahali pamoja? Masomo yamekukataa, mwanangu. Njo tuanike ndagala." Sikubishana. Ndiyo maana mwandiko wangu ni huu, na mjukuu wangu ananinyooshea maneno.

Kopo nililichimbua. Liko kabatini.

Majina nimeyatunza yote, na nimefuata kila mmoja mpaka mwisho wake, kwa habari za watu wa sokoni na za kilioni. Wa nne alienda kusini na meli, hakurudi. Wa kumi na moja tulimzika Sange. Wa ishirini na sita, aliyepita kwa pointi moja, alikuja kuwa mwalimu mkuu, na walipomsherehekea kustaafu nilisimama nyuma kabisa nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Wa pili alikuja nyumbani miaka sita iliyopita. Alikuwa amezeeka vizuri, na fimbo na miwani, amekuja kuzika dada yake. Nilimpa kiti na bugali na ndagala. Alikula akamaliza. Kisha akaweka mkono juu ya meza.

"Dada, yule wa kwanza wa klasi yetu. Ulituambia alikufa, si ndiyo?"

"Sikusema alikufa. Direkta ndiye alisema."

Alinitazama muda mrefu juu ya miwani. Nilishika ukingo wa meza. Nilifikiri, sasa. Sema, kaka yangu. Uko na kinywa, na uko nyumbani kwangu, na hakuna wa kucheka.

Akashusha macho. "Ndagala zako iko tamu," akasema. Tukaongea habari za magoti. Alipotoka alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, zaidi ya inavyohitajika. Mwaka uliofuata nikasikia amekufa. Kwenye ile orodha hakubaki mwingine.

Mwezi uliopita ilikuwa proklamasyo ya mjukuu wangu. Bado wanamwaga poda, sasa na muziki. Alikuwa wa tano, akarudi analia, nikamwambia wa tano ni mtu mzima kabisa. Jioni akaja na kaye mpya.

"Koko, ile orodha yako unayoimba ukianika. Tuiandike, isipotee."

Mtaona sijaandika jina hata moja katika maneno haya yote. Sijayasahau. Ninayo, na ya baba zao. Lakini jina la proklamasyo linaitwa, mwenyewe anasimama. Na anayeandika orodha lazima aanze juu.

Mjukuu aliandika namba moja, akaweka nukta, akaningoja na kalamu hewani.

"Anza na wa pili," nikasema.

"Na wa kwanza? Alikufa?"

"Hapana. Hakufa. Mwachie nafasi."

Akaacha mstari mmoja. Niliuangalia, nikamwambia aache miwili, wa kwanza asibanwe.