Sara wa Kwenye Kompyuta

Mama mdogo Vero haamini kitu mpaka akishike. Ukimletea maziwa ananusa kwanza, halafu anamimina kidogo kiganjani, halafu anakutazama wewe usoni kana kwamba ndiwe uliyekamuliwa. Akinunua maharage sokoni Nyaishozi anazamisha mkono hadi chini ya gunia, maana juu, anasema, ndipo watu wanapoweka maharage ya kukuonyesha. Hapa Igurwa wanawake wenzake wanamwita Mama Hebu Nione. Hakasiriki. "Afadhali hivyo," anasema, "kuliko kuitwa Mama Aliyepigwa."

Naishi kwake tangu nilipoacha shule darasa la tano. Mimi sisemi sana, nadhani ndiyo maana tunapatana.

Mumewe, baba mdogo Yusto, ni mtu mwingine kabisa. Analima kahawa na anafundisha kwaya ya Kilutheri, na ukimwambia mchana mvua itanyesha, anabeba mwavuli bila kutazama juu. Laptopu ya nyumbani ni yake, anawekea nyimbo. Lakini humo alikuwa amehifadhi pia kitu cha mama mdogo ambacho hakipo mahali pengine popote. Ni sauti ya bibi.

Bibi, mama yake Vero, alifariki wakati mama mdogo yuko hospitali anamuuguza mwanawe Jovin. Asubuhi ile ya mwisho aliyekuwa kando ya kitanda cha bibi ni Yusto peke yake. Bibi aliomba sala ndefu akiwataja watoto wake mmoja mmoja, Yusto akamrekodi kwa simu, kisha akaihamishia kwenye laptopu. Simu yenyewe baadaye ilitumbukia kisimani. Mama mdogo alikuwa hajasikiliza hata mara moja. Alisema hawezi kusikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye kitu wakati kaburi halijaota nyasi. Nyasi zikaota, akawa bado.

Ikaja sikukuu ya mavuno kanisani. Laptopu iliwekwa mezani kando ya spika, imewashwa. Ngoma zilipokolea watu wakaruka, meza nayo ikacheza, laptopu ikaenda chini. Aliyeiokota ni Sara, msichana wa sauti ya pili, akaifuta vumbi kwa kanga yake huku anamcheka baba mdogo: "Mwalimu, mtoto wako kaanguka!" Mama mdogo aliiona hiyo kanga kabla hajauliza kama laptopu ni nzima.

Haikuwa nzima. Ukiiwasha inabaki nyeusi, na ndani kitu kinagonga, ta, ta, ta, kama kuku anayedonoa bati.

"Imekufa hii," baba mdogo akasema siku moja. "Tutafanyaje, Mama Jovin? Tumwachie Mungu."

"Wewe mbona una haraka ya kuizika?"

Kesho yake mama mdogo alinichukua tukaenda Nyaishozi kwa fundi Elick. Huyu kazaliwa Kyerwa, lakini ufundi kajifunzia Mwanza, na ulimi wake ulirudi umenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi, au unamshikia duka?"

Fundi akacheka. Aliiwasha, akaweka sikio, akaizima upesi. "Tangu ianguke mmeiwasha tena?"

"Baba watoto anaiwasha kila asubuhi."

"Asiiwashe kabisa. Kinachogonga ni kichwa cha kusomea. Kila mkiwasha kinaweza kukwaruza pale palipoandikwa, na kilichokwaruzwa hakirudi."

Mama mdogo akanigeukia. Nilijua anawaza nini, maana na mimi nilianza kuwaza hilo hilo. Kila asubuhi, kwa nini?

Fundi akafungua skurubu, akatoa kitu cha chuma chembamba, kinajaa kiganjani. Akasema hiyo ndiyo hadi diski, yote tuliyoweka yamo humo.

"Nipe karamu," mama mdogo akasema.

"Karamu? Kwani nani anaoa, mama?"

"Karamu ya kuandikia! Niweke jina langu, usije ukanibadilishia."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Sisi Wanyambo ile L hutuponyoka, mdomo unaweka R bila kutuuliza. Akampa kalamu, naye akaandika VERO juu ya chuma, akakandamiza.

Fundi akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake. Alieleza kwamba hatatafuta chochote humo ndani. Kwanza atanakili yote kwenda kwenye diski yake nzima, palipoharibika ataparuka, halafu tutatafutia kwenye nakala. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Mwisho ikaanza kuvuma taratibu.

"Bahati yenu. Inasoma."

"Inasoma nini?"

"Yaliyomo."

"Kwa hiyo na wewe unasoma mambo ya nyumbani kwangu?"

"Mimi naona namba tu zinapita, mama yangu."

"Aine," mama mdogo akaniambia, "kaa upande ule. Tazama mikono yake."

Tulishinda pale. Fundi aliagiza chai na chapati, mama mdogo akakataa. Alisema akitazama kikombe hataona mashine.

"Mama, hata polisi huwa wanakwenda kunywa chai."

"Ndiyo maana wezi hawaishi."

Mimi nilikula chapati yake. Jua lilipogeuka, kazi ikaisha, fundi akauliza tunatafuta nini. Mama mdogo akamwambia ni sala ya mama yake. Fundi akaandika SALA. Kompyuta ikatafuta, ikasema hakuna.

"Umeifuta."

"Nimeifuta saa ngapi, na macho manne yako juu yangu?"

Akaanza kuteremka kwenye orodha polepole ili naye aone. Nyimbo za Pasaka. Mavuno. Picha za kahawa. Kisha folda moja peke yake, herufi kubwa: SARA.

Niliisoma. Mama mdogo naye aliisoma, kwa midomo. Fundi akapeleka kidole.

"Usifungue!"

"Ni sauti tu, mama, labda…"

"Nimesema usifungue. Weka vyote kwenye flashi. Na hiyo, hiyo hasa."

Kwenye pikipiki, tulipokaribia nyumbani, alinisogelea. "Kila asubuhi anaiwasha," akaniambia sikioni. "Anamsalimia."

Tulimkuta baba mdogo amepika ndizi na maharage mwenyewe, amevifunika kwa majani ya mgomba.

"Leo umepika. Kwa nini?"

"Si mmechelewa?"

Mama mdogo hakukaa. Aliweka flashi mezani kando ya chungu. "Baba Jovin, Sara ni nani?"

"Sara yupi?"

"Uliyemfungia kwenye kompyuta."

Nilimtazama baba mdogo mikono. Haikwenda popote. Halafu akaruka kama mtoto. "Imepatikana? Sara imepatikana?"

"Ona, tena anafurahi!" mama mdogo akaniambia, kama vile mimi ni shahidi.

"Si ile sara ya mama yako! Siku ile anasari, nikaandika Sara. Nimeiwasha kila siku nikidhani itaamka, nikakata tamaa."

"Karamu," nikasema.

Wote wakanitazama. Mama mdogo akachezesha midomo bila sauti, mara mbili tatu. Uso ulitaka kulegea, akaukaza. "Tusikie kwanza."

Baba mdogo akachomeka flashi kwenye redio. Kwaya ikaimba, akaruka wimbo, akaruka tena. Kikohozi. Kisha bibi mwenyewe, kwa Kinyambo, sauti nyembamba na bado ina amri. Aliwataja watoto wake wakubwa wote. Mama mdogo alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na Vero wangu," bibi akasema, "anayechungulia hata chungu kilichofunikwa…" Sauti ikakwaruza, ikapotea. Iliporudi ilikuwa kwenye Amina.

"Rudisha."

Akarudisha. Ikakwaruza pale pale.

"Rudisha tena."

Pale pale. Ndipo nilipoelewa lile neno la fundi la kuruka palipoharibika.

"Hapo alisema nini?"

Duniani aliyesikia ni mtu mmoja tu, na mtu huyo angeweza kusema chochote.

"Aliomba," baba mdogo akasema, "Mungu akupe mtu wa kukuambia ule. Alisema ukiuguza watu unasahau kula."

Mama mdogo akamtazama vile anavyotazama maziwa. "Niapie."

"Siapi, Mama Jovin. Nilikuwepo mimi."

Redio ilikuwa imeendelea na nyimbo za kwaya, nikaizima. Mama mdogo akavuta kigoda, akakaa, akafunua majani. Akainama anuse, kama kawaida yake, akaishia katikati. Akatia mkono, akala.

"Chumvi haijakolea," akasema, na akamega tena.